Subira Si Kunyamaza Dawa Ikikosekana



Leo naweka pembeni hina, singo na sare. Kuna jambo linanikera. Dada mwenye maradhi ya moyo anafika dirisha la dawa, anaambiwa, "Imekwisha, jaribu wiki ijayo." Akirudi nyumbani, sisi wenzake tunamwambia, "Subiri mwanangu, ndiyo mitihani ya Mungu." Subira hiyo naikataa. Maradhi ni mtihani, tunayasubiria. Lakini kabati tupu ni kazi ya mtu ambayo haikufanywa, na kazi ya mtu huulizwa.

Dawa ninayoisemea ni benzathini penisilini, ile sindano ya kila wiki 3 au 4. Mtoto anaumwa koo, hatibiwi ipasavyo, kisha kinga ya mwili wake inageuka na kushambulia valvu za moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Kila ikirudi, valvu zinazidi kuharibika. Sindano haitengenezi valvu iliyokwisha haribika, inaizuia homa isirudi. Anayekosa dozi yake anaachwa bila ngao.

Wala si dawa ngeni. Ipo tangu miaka ya 1950 na bei yake ni ndogo. Na hapo ndipo penye balaa: faida haba, viwanda vinavyotengeneza malighafi yake ni vichache, kimoja kikisita nchi nyingi zinakosa. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya maradhi haya, kwa hiyo hakuna mkubwa wa kusema hajasikia. Tena mgonjwa huyu hazuki ghafla. Jina lake limo daftarini, tarehe ya sindano yake imo kwenye kadi yake. Sisi watu wa visiwani twajua kuweka mchele kabla bahari haijachafuka. Vipi tushindwe kuweka sindano ambayo siku yake inajulikana?

Lakini tusiwanyooshee wakubwa kidole peke yao. Na sisi tuna yetu.

La kwanza, kuazimana vidonge. Kidonge cha moyo cha jirani si chumvi. Mwenye valvu ya kubandikwa anayetumia warfarini dozi yake hupimwa kwa damu yake. Akipunguza ili "zisogee", damu inaweza kuganda kwenye valvu na kumletea kiharusi. Akimeza mbili kufidia za jana, anaweza kutokwa damu isiyokatika.

La pili, kumwambia mgonjwa aache hospitali, habasoda na kombe vinatosha. Dua tunaiamini, na Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza pia tujitibu. Aliyekuambia uchague kimoja nani?

La tatu, na hili ni lenu mabibi harusi: kuficha. Mama anaificha kadi ya kliniki ili posa isivunjike. Kisha bibi arusi anashika mimba, na mimba humzidishia moyo kazi. Warfarini nayo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mume hajui, mkunga hajui, daktari wa moyo hakuambiwa. Hiyo si sitara, ni khatari. Mchumba atakayekimbia kwa sababu ya kadi, bora akimbie kabla ya nikaha.

Basi tufanye nini? Usingoje dozi ya mwisho, ulizia dawa wiki 2 kabla. Ikikosekana, rudi kwa daktari siku ileile: kuna wagonjwa wanaoweza kupewa vidonge vya penisilini vya kila siku mpaka sindano ipatikane. Usikubali kuchomwa penisilini yoyote tu, kwani nyengine hutoka mwilini mapema. Vidonge vya kupunguza mapigo ya moyo usiviache ghafla. Ukipumua kwa shida, ukazimia, au mkono na mdomo vikalegea upande mmoja, usingoje asubuhi, nenda hospitali.

Na sisi wazima tuna deni. Tunacheza upatu kwa ajili ya vitambaa vya harusi, tucheze na wa nauli ya boti na dawa ya shoga yetu. Twende kwa mkuu wa kituo watano kwa pamoja, kwa adabu na kwa barua, tuulize: dawa iliagizwa lini, inafika lini, na leo mgonjwa apewe nini? Mmoja hujibiwa "jaribu wiki ijayo". Watano wenye barua ni shida kuwajibu hivyo.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu, awatie khofu yake wenye amana ya dawa zetu, na atupe sisi ndimi za kuuliza. Aamin.