Mgeni wa Meru na Joto Letu



Kaskazi imekwisha kushika, na madrasa zetu za mwambao zimepokea wanafunzi wapya kutoka Meru na Embu. Baadhi yao hawajapata kuiona bahari. Sisi twawaita watu wa bara, basi. Walakini kwao wao huku ni ughaibuni, na kinachowalaki wanaposhuka basini, kabla yetu sisi, ni joto.

Tuna kosa la kukiri. Yapata miaka ishirini sasa, tulimsomesha kijana wa upande wa Runyenjes aliyekuja na juzuu kumi kifuani. Wiki ya kwanza akawa anasinzia kila baada ya Adhuhuri. Ya pili, hata ukurasa wa jana ulimponyoka. Tukamwandikia babake kuwa mwanawe ni mvivu. Siku chache baadaye kijana akaanguka ngazini, midomo imemkauka, na daktari akatuambia amepungukiwa na maji mwilini. Tulipomuuliza, alijibu: "Maalim, nyumbani nanywa chai asubuhi na jioni, yanitosha. Na hapa naona haya kuinuka kila mara mbele ya wenzangu kwenda mtungini." Barua yetu ilikwisha kufika. Mzee alikuwa amemkatia pesa za matumizi ili atie bidii. Ilitubidi tusafiri wenyewe hadi kwake kumtaka radhi, na safari ile haikuwa nyepesi.

Mji wa Meru uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Embu chini yake kidogo. Yote miwili imeegemea Mlima Kenya, na usiku wake ni wa blanketi. Mombasa mwezi wa Machi, mchana hufika nyuzi 32 na zaidi, wala usiku hauleti nafuu kubwa. Tena hewa yetu ina unyevu: jasho latoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Madaktari waeleza kuwa mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea. Katika muda huo maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi, na chumvi inayopotea nalo hupungua. Sisi tulimhukumu kijana yule ndani ya siku hizo hizo.

Na ajabu ni kuwa dawa tulikuwa nayo vitabuni. Mtume (s.a.w.) ameelekeza kuwa joto likizidi, Adhuhuri icheleweshwe mpaka kupoe, hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na sisi wenyewe tulikuwa tukiisomesha. Ikiwa swala yasubirishwa, vipi mgeni atahiniwe hifdhi saa nane za mchana?

(Wanaowacheka wageni hawa kwa jasho lao, na waende Embu mwezi wa Julai. Sisi tulivaa makoti mawili, na maji ya udhu tukaomba yatiwe moto.)

Basi twawaomba walimu na wenye dakhalia: darasa zito liwe baada ya Alfajiri, qailula isikatwe, mtungi wa maji uwekwe ndani ya darasa, na mgeni anywe bila kuomba ruhusa. Chakula chake kisikose chumvi. Sweta alilofungiwa na mamake libaki sandukuni. Ramadhani nayo, miaka hii, yaangukia katika joto hili hili. Mgeni aliyefunga akiona kizunguzungu au akachanganyikiwa, asiambiwe avumilie. Afungue, apelekwe kwa daktari, na siku ile atailipa.

Wazazi wa Meru na Embu mnaotusoma, mkipokea barua ya malalamiko kabla ya wiki mbili kutimia, mpigieni mwalimu simu kwanza, mumuulize mtoto anakunywa maji kiasi gani.