Mafuriko ya Kilosa Huanzia Milimani

Mwishoni mwa Desemba 2009, wakati wananchi wengi walipokuwa katika shamrashamra za Krismasi na mwaka mpya, Mto Mkondoa ulilivunja tuta lililoukinga mji wa Kilosa. Maji yaliingia mitaani, nyumba zikaanguka, na watu wanaozidi 20,000 wakaathirika. Reli ya Kati, ambayo tangu enzi ya Wajerumani hupita katika bonde la mto huo, iliharibika vibaya, na safari za treni zikasimama kwa miezi kadhaa. Familia nyingi zilihamia katika mahema, wala hazikutoka humo upesi.

Kila yanapotukia mambo ya namna hii, wako wasemao kwamba hiyo ni kudra, na wako wasemao kwamba Serikali haina budi kujenga tuta refu zaidi. Kauli hizo zote mbili zina ukweli wake, lakini zote mbili humwacha mkazi wa mji akiwa mtazamaji tu. Kinga ya kwanza ya mji wa bondeni ni habari ifikayo kabla ya maji, na shule za sekondari zaweza kuwa chimbuko la habari hiyo.

Kwanza yafaa kulielewa umbo la nchi. Mkondoa hukusanya maji ya milima ya Rubeho na Ukaguru, pamoja na ya Mto Kinyasungwe utokao upande wa Dodoma. Maji hayo hupita katika bonde jembamba, penye vituo vya reli vya Kidete na Munisagara, hadi Kilosa, ambako nchi hutanuka kuwa tambarare ya Mkata. Hapo mto hupunguza mwendo, na mto upunguzao mwendo hutua mzigo wake wa mchanga na tope. Mwaka hata mwaka kitanda cha mto huinuka. Tuta lililokuwa refu jana huwa fupi leo, ingawa hakuna mtu aliyelipunguza. Likiachwa lilimwe, lichimbwe na kukanyagwa na mifugo, huwa dhaifu pia.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi mvua ya milimita 50 juu ya kilomita 1 tu ya mraba ni tani 50,000. Penye msitu, sehemu kubwa ya maji hayo huzama ardhini polepole. Penye mteremko uliofyekwa na kuchomwa moto, hukimbilia mtoni. Ndiyo maana Kilosa yaweza kufurika hali jua linawaka mjini. Mkazi angojaye kuona mawingu juu ya paa lake amekwisha kuchelewa.

Mikumi, katika wilaya hiyohiyo, hatari ina sura nyingine. Mji huo uko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia, na anayeponzwa aghalabu ni msafiri anayeyadharau maji yaliyofunika njia. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimita 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Ya sentimita 30 yaweza kuliinua gari dogo. Na ya sentimita 60 huchukua magari mengi. Msukumo wa maji hukua kwa mraba wa kasi yake: kasi ikiwa mara 2, msukumo huwa mara 4. Dereva anayesubiri maji yapungue hupoteza saa chache. Anayejaribu bahati hucheza kamari na roho za abiria wake.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri na maonyo ya mvua kubwa, na kila mkazi hana budi kuyasikiliza. Hata hivyo, onyo la mkoa mzima haliwezi kumwambia mtu wa mtaa fulani kwamba maji yatamfikia saa ngapi. Pengo hilo laweza kupunguzwa na watu wa mahali penyewe. Kopo lenye kuta zilizonyooka na rula vyatosha kupimia mvua. Nguzo ya daraja, ikipakwa alama kila sentimita 10, ni kipimo cha mto kinachosomwa kutoka mahali salama. Shule iliyo upande wa Kidete ikipima na kupiga simu Kilosa, hiyo ni sayansi kamili. Kilele cha mafuriko kikienda mita 2 kwa sekunde, husafiri kilomita 7 na ziada kwa saa. Habari itokayo kilomita 35 juu ya mji huwapa wakazi karibu saa 5.

Saa 5 hizo zatosha kuwahamisha wazee, wagonjwa na watoto, kufungua mifugo, kuzima umeme, na kuchukua dawa, vyeti na mbegu. Lakini zatosha tu kwa familia iliyokwisha kukubaliana njia ya kwenda mahali pa juu.

Mtu aweza kupinga kwamba walimu wamelemewa na mitihani. Lakini kupima mvua ni jiografia, kuchora mchoro wa kina cha mto ni hesabu, na msukumo wa maji ni fizikia. Hakuna somo linaloibiwa muda. Mwingine atasema kwamba dawa ni watu kuhama bondeni. Ni rahisi kusema hivyo kwa mtu asiyelima. Udongo uletwao na mto ndio ulishao Kilosa, na maskini hujenga anapoweza kupata kiwanja. Mpaka apatiwe mahali bora, haki yake ndogo kabisa ni kuonywa mapema.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa tuta huonekana wakati wa kiangazi, mto unapokuwa mwembamba na watoto wanapouvuka kwa miguu. Huo ndio wakati wa kulikagua tuta, kupaka alama darajani na kuanza daftari la mvua. Mvua za kwanza zikikuta daftari halijafunguliwa, shule itakuwa imeacha somo lililo karibu nayo kuliko yote.