Programu isiulize chukudu mafuta

Hakuna mkaaji wa Goma asiyejua chukudu. Inashuka na makala au viazi kutoka Kibumba bila tone la mafuta. Pikipiki na lori zinabeba mizigo katika barabara ile ile, lakini zenyewe zinahitaji mafuta. Vyote vitatu ni vyombo. Ukiviambia "beba", kila kimoja kinabeba kwa namna yake.

Waandishi wa programu za kompyuta wanaita jambo hilo polimofizimu. "Chombo" ni klasi mama; chukudu, pikipiki na lori ni klasi watoto. Kosa linaanza pale programu inapokiuliza "chombo" chochote kina lita ngapi za mafuta. Lugha ya Java inakataa papo hapo, kwa kuwa klasi mama haijui mafuta. Wanafunzi wengi wanalazimisha: wanaiambia kompyuta kwamba chombo hicho ni pikipiki. Java inanyamaza. Siku chukudu inapopita, programu inaanguka, mteja akiwa anangoja.

Si mchezo wa darasani. Mwisho wa Januari 2025, M23 ilipouteka mji, benki za Goma zilifunga milango. Watu wakabaki na noti mkononi, na M-Pesa, Airtel Money na Orange Money katika simu. Programu ya duka au ya shule inayodai namba ya akaunti ya benki kwa kila malipo inakwama hapo. Ile inayoambia malipo yoyote "pokea", na kuachia kila aina ifanye kwa njia yake, inaongezewa klasi moja mpya na kazi inaendelea.

Wengine watasema inatosha kuuliza kwanza ni malipo ya aina gani. Kweli, hiyo inazuia programu kuanguka. Lakini ikiulizwa hivyo katika sehemu ishirini, kila njia mpya ya kulipa inadai sehemu zote ishirini zirekebishwe. Moja ikisahauliwa, hesabu ya feza inaharibika.

Walimu wa informatiki wa Goma wanafundisha kwa Kifaransa, na vitabu vingi vinaeleza somo hili kwa paka na mbwa. Kifaransa kibaki, lakini mifano itoke barabarani na sokoni. Mwanafunzi aliyeelewa kwa nini chukudu haiulizwi mafuta ataandika programu itakayodumu mji unapobadilika. Na Goma inabadilika bila kutoa taarifa.