Toleo jipya la mchezo: msimulizi asibebe deni peke yake

Mdogo wangu anaishi Portland, kule Maine, Marekani, tangu miaka sita. Kila Ijumaa usiku yeye na wenzake watano wanakaa mezani na kutupa dadu yenye nyuso 20. Yeye ndiye msimulizi: mlango umefunguka, nyuma yake kuna joka, mnafanya nini? Ni mchezo ambao kwa Kifaransa tunauita jeu de rôle, na walio wengi duniani wanaujua kwa jina la Dungeons & Dragons.

Mwezi uliopita aliniandikia kwenye WhatsApp. Wenzake wanataka kuhamia vitabu vipya, na kwa kuwa yeye ndiye anayeongoza meza, wanamtazama yeye. Vitabu vitatu, kila kimoja dola 49.99. Na mwezi huo huo alikuwa ameahidi kutuma minerval ya mpwa wetu. « Yaya, nifanye je? »

Nilimjibu asinunue. Naeleza sababu hapa kwa kuwa swali hilo si lake peke yake.

Mchezo huu ulitoka mwaka 1974. Uliandikwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa na TSR, kampuni ndogo ya Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Toleo la pili lilikuja 1989, la tatu 2000, likarekebishwa 2003 (miaka mitatu tu!), la nne 2008, la tano 2014. Mwaka 2024 vitabu vya toleo la tano vikaandikwa upya. Aliyeanza kucheza akiwa kijana na kufuata kila hatua amelipia joka lile lile mara nyingi.

Sisemi kila toleo jipya ni wizi. Mwaka 1997 Wizards of the Coast iliinunua TSR ikiwa imelemewa na madeni, na miaka miwili baadaye Hasbro ikainunua Wizards. Toleo la tatu lilitoka katika hali hiyo, na lilirekebisha jambo la kweli. Katika sheria za zamani, kadiri ulinzi wa mwili wako ulivyokuwa mzuri ndivyo namba yake ilivyoshuka, hata chini ya sifuri. Mgeni alichanganyikiwa. Toleo la tatu lilisema: tupa dadu ya 20, ongeza uwezo wako, namba kubwa ndiyo nzuri. Mnunuzi wa mwaka 2000 alipata kitu kwa pesa yake.

La nne halikupokelewa hivyo. Wachezaji wengi walikataa kuhama, na kampuni ya Paizo ikachukua sheria za toleo la tatu, kama leseni ya wazi ilivyoruhusu, ikatoa Pathfinder mwaka 2009. Waliokataa hawakupoteza mchezo wao. Waliendelea kucheza, na wakaandikiwa vitabu vingine.

Sasa tuje kwenye hivi vya 2024. Kitabu cha wachezaji kimetoka kurasa 320 hadi 384. Wapiganaji wamepewa mbinu mpya za silaha, maelezo mengi yamenyooshwa, picha ni nzuri. Lakini kampuni yenyewe inasema hadithi za vitabu vya 2014 zinaweza kuchezwa na sheria mpya. Kama vinaenda pamoja, haraka inatoka wapi? Tena, mwaka 2025 kampuni iliweka sehemu kubwa ya sheria hizo mpya kwenye intaneti, bure, kwa leseni ya Creative Commons. Mdogo wangu anaweza kuzisoma na kuzijaribu Ijumaa tatu nzima kabla hajatoa hata dola moja.

Nadhani haraka hiyo ina mwenyewe. Mwezi wa kumi na mbili 2022, Cynthia Williams, aliyekuwa mkubwa wa Wizards, aliwaeleza wawekezaji kwamba mchezo huu hauingizi pesa inavyopaswa. Alisema wasimulizi ni karibu asilimia 20 ya wachezaji, lakini ndio wanaonunua zaidi. Mwezi uliofuata ilivuja rasimu ya leseni mpya iliyotaka kuwabana waandishi wengine wanaotumia sheria hizo. Wachezaji wakapiga kelele, wengi wakafuta malipo yao ya kila mwezi, na tarehe 27 mwezi wa kwanza 2023 kampuni ikarudi nyuma.

Mwezi wa nane 2024 yakatokea mengine. Kwenye D&D Beyond, mtandao ambao Hasbro iliununua mwaka 2022 kwa dola milioni 146.3, kampuni ilitangaza kwamba uchawi na vifaa vya 2014 kwenye karatasi za wachezaji vingebadilishwa na vya 2024. Watu walikuwa wamevilipia! Baada ya siku chache za malalamiko uamuzi huo uliondolewa. Lakini kitabu cha karatasi cha 1989 kikiwa kwenye kabati yako, hakuna mtu wa kukibadilisha usiku ukiwa umelala.

Kuna hoja moja inayonisumbua kweli. Waandishi na wachoraji wa vitabu hivi wanakula kwa kazi hiyo, na kampuni isiyouza kipya itafunga, kama TSR ilivyokaribia kufunga. Nakubali. Ila mwezi wa kumi na mbili 2023 Hasbro ilitangaza kuondoa karibu wafanyakazi 1,100, na baadhi yao walikuwa watu wa Wizards waliotengeneza vitabu hivi hivi. Anayetaka kumlisha mwandishi anunue hadithi fupi za waandishi wadogo, zinazouzwa kwa dola chache. Au aangalie Call of Cthulhu ya Chaosium, ya mwaka 1981: imefika toleo la saba, na hadithi zake za zamani bado zinachezwa kwa hesabu ndogo tu, unazidisha namba chache kwa tano.

Nilimshauri pia jambo ambalo mama zetu sokoni wanalijua vizuri: likelemba. Meza ina watu sita. Wakikubaliana kwamba wanataka kitabu kipya cha wachezaji, kila mmoja atoe dola nane na senti kidogo, na kitabu kiwe cha meza. Asiye tayari kutoa dola nane hakuwa na hamu sana ya toleo jipya.

Aliwapelekea wenzake wazo hilo. Wanne walikubali, mmoja alinuna, kisha wakaamua wamalize kwanza hadithi waliyoianza, kwa vitabu vya 2014. Minerval ilifika Jumatatu.