Picha Zisilale Nyumba Moja na Mwenyewe

GOMA, Kivu Kaskazini. Familia inayokimbia vita haibebi albamu. Inabeba watoto, godoro, sufuria, bidoni ya maji na karte ya uchaguzi. Albamu inabaki chini ya kitanda, na nyumba ikichomwa inaungua nayo. Ndiyo sababu familia toka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, zikitafuta leo sura ya baba aliyefariki ao picha ya harusi ya dada, mara nyingi hazina pahali pengine pa kugonga mlango isipokuwa kwa mpiga picha aliyewapiga siku ile. Picha pekee iliyobaki iko katika kompyuta yake.

Basi swali ni hili: mpiga picha huyo ameiweka wapi?

Ukweli hauna utamu. Studio, parokia, kwaya, shule na vyama vinaweka miaka kumi ya picha juu ya disiki moja. Disiki iko ndani ya kabati, kabati iko ndani ya nyumba ya mbao, na nyumba iko Goma. Mwenyewe akiulizwa, anajibu bila wasiwasi kwamba picha "ziko salama".

Goma si mji wa kusema hivyo. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi ziwani. Novemba 2012 vita viliingia mjini. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena na kuchoma vijiji vya kaskazini ya mji, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya wakaaji waliamriwa kuhama. Wakaenda Sake, Rutshuru, Gisenyi na Bukavu, wengi kwa miguu. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia tena, na mwezi uliofuata kambi za wakimbizi wa ndani kandokando ya mji zilivunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Mara nne katika miaka 23. Mkaaji wa Goma hawezi kusema hatari ilimshika bila taarifa.

Wenye studio wana jibu tayari: wako na disiki ya pili. Vizuri. Iko wapi? Iko katika kabati lilelile, ao kwa shemeji mtaa wa pili. Mwizi anayechukua kompyuta anachukua disiki mbili. Moto hauchagui rafu.

Kosa hilo si la Goma peke yake. Tarehe 10 Machi 2021, jengo la kampuni ya OVHcloud liliungua huko Strasbourg, Ufaransa. Lilikuwa jengo la kisasa, limejaa mashine za kutunza data za watu wa nchi nyingi. Hakuna aliyekufa, lakini wateja wengi walipoteza kila kitu. Wako hata waliokuwa wamelipia nakala ya akiba, kumbe nakala hiyo ilikuwa palepale penye moto. Kama Ufaransa, penye wazima-moto na mabomba ya maji, nakala mbili za pahali pamoja zinahesabiwa kuwa nakala moja, je, nyumba ya mbao ya Majengo?

Na mbali lazima iwe mbali kweli. Aliyepeleka disiki yake Gisenyi ajue kwamba matetemeko ya Mei 2021 yalipasua nyumba za huko pia. Aliyepeleka Bukavu akifikiri ametuliza moyo, vita viliingia Goma mwisho wa Januari 2025 na kufika Bukavu katikati ya Februari. Hazikupita hata wiki nne. Watu wa fani hii wana kanuni fupi: nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, na moja nje kabisa ya mji. Hiyo ya tatu, kwa mkaaji wa Kivu, inapashwa kuwa juu ya mtandao, katika ghala ambalo vijana wanaita klaudi.

Hapo ndipo wengine wanacheka na kusema: "Zangu ziko WhatsApp na Facebook." Huko si ghala. Kule ni soko, pahali pa kuonyesha. WhatsApp inapunguza picha ili ipite haraka, na picha iliyopunguzwa hairudi kama ilivyokuwa. Mama akiomba kuikuza aweke juu ya jeneza la mumewe, anapewa ukungu. Tena, picha ya mtu aliyekimbia, ikitupwa hadharani, inaweza kumwambia anayemtafuta kwamba yuko wapi.

Wengine wanajibu kwamba Google inatunza yote bure. Habari hiyo imezeeka. Tangu tarehe 1 Juni 2021, Google Photos haitunzi tena picha bila kipimo. Kila akaunti inapewa giga 15 bure, na hizo giga zinagawanywa kati ya picha, barua pepe na mafaili mengine. Tangu Desemba 2023 kampuni hiyo inaweza pia kufuta akaunti ya mtu ambayo haikuguswa miaka miwili. Kwa mtu aliyetoroka, akapoteza simu na akaishi kambini, miaka miwili si mingi.

Kuna mtego mwingine ambao wachache wanauona. Programu nyingi zinazounganisha simu na mtandao si ghala, ni kioo: kinachofutwa huku kinafutwa na kule. Kijana akisimamishwa kwenye bariyeri, akalazimishwa kufuta picha zake ndani ya Google Photos, zinatoka katika akaunti pia. Picha zilizokwisha kupanda mtandaoni zinakaa siku 60 katika kikapu cha taka, kisha zinapotea. Kwa hiyo anayechagua ghala aulize jambo hili kabla ya kuuliza bei: nikifuta hapa, kule kunabaki nini? Ghala la kweli linapokea nakala na kuishika, hata kama simu imevunjika, imeibwa ao imefutwa kwa nguvu.

Sasa bei, maana ndiko wengi wanakojificha. Studio yenye picha 40,000, kila moja ikiwa na mega 5, inahitaji giga 200. Google inauza terabaiti 2, ndiyo giga 2,000, kwa karibu dola 10 kwa mwezi kwa bei ya Marekani. Studio kumi za ukubwa huo zinaenea humo. Kila studio itoe dola moja kwa mwezi. Watu wanaoendesha likelemba ya dola 20 kwa wiki, na kuiheshimu, hawawezi kusimama mbele ya wenzao na kusema dola moja imewashinda. Kilichokosekana ni mapatano.

Kuna maghala ya bei ya chini zaidi. Amazon ina moja inayotoza karibu dola moja kwa terabaiti nzima kwa mwezi. Lakini anayekwenda huko ajue anachonunua: ni ghala la kufungia, si la kufungua kila siku. Kupata kitu kunaweza kungoja saa 12 ao hata siku mbili, na kutoa vitu kunagharimu mara nyingi kuliko kuviweka. Linafaa kwa nakala ya siku ya msiba. Halimfai anayeuza picha kila Jumamosi.

Baada ya bei wanalalamika juu ya mtandao. Hapo wana haki nusu. Kwa mwendo wa megabiti moja kwa sekunde, giga 200 zinahitaji siku 18 na zaidi, usiku na mchana bila kukatika. Ukitumika saa nane za usiku tu, ni karibu usiku 56. Ni kazi ndefu, lakini nani alisema zote zipande mara moja? Zichaguliwe picha 2,000 za kwanza: ndoa, ubatizo, mazishi, nyumba na parsele zilizochomwa, wazee waliofariki, watoto waliopotea. Hizo ni giga 10. Zinaenea katika giga 15 za bure, na kwa mwendo uleule zinapanda kwa usiku tatu. Usiku tatu tu! Zinazobaki zifuate polepole, ao disiki iliyofungwa kwa neno la siri isafiri na mtu wa kuaminika hadi Kampala ao Nairobi, penye mtandao wa nguvu, ipandishwe huko.

Neno hilo, "iliyofungwa", ndilo zito kuliko yote. Kuna wanaokataa mtandao wakisema Wazungu wataangalia picha zetu. Hofu hiyo si ujinga, na anayeicheka hajaishi huku. Lakini dawa yake ipo, tena bila malipo kwenye kompyuta. Programu kama Cryptomator inafunga kila faili kabla halijatoka nyumbani. Kinachofika kwenye ghala ni takataka isiyosomeka, kwa kampuni, kwa mwizi na kwa askari. Anayeshika neno la siri ndiye peke yake anayeona sura. Studio kumi zikishirikiana ghala moja, kila moja ifunge sanduku lake kwa neno lake.

Hapo hatari inageuka upande. Neno la siri likipotea, hakuna kampuni itakayolirudisha, na picha zimekufa zikiwa nzima. Kwa hiyo lisishikwe na mtu mmoja. Lishikwe na wawili, katika miji miwili: mmoja Goma, mwingine Beni, Kinshasa, Kampala ao Bruxelles, pahali ndugu wa kweli yuko. Na akaunti yenyewe isitegemee kadi ya simu moja. Siku simu inaponyakuliwa, namba inaenda nayo, na mwenyewe anafungiwa mlango wa nyumba yake. Google inatoa namba kumi za akiba za kuingilia siku kama hiyo. Ziandikwe juu ya karatasi, zipelekwe kwa yule ndugu wa mbali. Karatasi haina bateri.

Ndugu huyo anaweza pia kulipa. Mabenki ya Goma yalifunga milango mwisho wa Januari 2025, na mtu aliyekuwa analipa kila mwezi kwa kadi ya benki alijikuta mikono mitupu. Ghala lisilolipwa halingoji milele: kwa Google, anayepita kipimo chake miaka miwili bila kulipa ao kupunguza, anaweza kufutiwa. Basi walipe mwaka mzima mara moja, na barua ya kukumbusha ifike kwa watu wawili. Aliye Canada ao Ubelgiji, anayeomba kila siku atumiwe picha za nyumbani, hapa anapata kazi ya kufanya.

Kisha wajaribu. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni ahadi tu. Kila miezi sita wachukue picha 20 toka ghala, juu ya kompyuta nyingine, wazifungue, waangalie kama sura zinaonekana na kama majina yameandikwa. Picha ya mzee bila jina lake, baada ya miaka ishirini, ni picha ya mzee yeyote.

Na wale wanaokuja kambini na kamera kubwa, wakapiga mama mwenye mtoto mgongoni na kuondoka na gari, nao wasikilize. Wanajua sana kutunza picha hizo kwa ajili ya ripoti zao. Mama mwenyewe hapewi hata moja. Simu nyingi zinaandika ndani ya picha pahali ilipopigwa, kama mwenyewe ameruhusu. Picha ya namna hiyo, ikilala wazi kwenye mtandao, ni ramani. Anayepiga wakimbizi wa ndani anapashwa kuomba ruhusa, kufuta alama ya pahali, kufunga anachotunza, na kumwachia aliyepigwa njia ya kupata picha yake.

Wako watakaosema kwamba watu wanatafuta unga na hema, na huu si wakati wa kusema juu ya picha. Wanakosea. Picha ya nyumba mbele ya parsele inamsaidia mjane anapogombana juu ya mpaka siku ya kurudi. Picha ya mtoto ndiyo inayopitishwa mkono kwa mkono mtoto anapopotea njiani. Na mtu aliyenyang'anywa shamba, ng'ombe na kijiji, akinyang'anywa hata sura ya mama yake, amebakiwa na nini cha kuonyesha watoto kwamba walitoka mahali?

Mwenye studio alipokea franga kwa picha hizo. Parokia ilibatiza watoto hao. Chama kilipiga picha za wanachama wake. Sasa wanashika vitu visivyo vyao peke yao, na wanavishika vibaya. Mkutano ujao wa wapiga picha, wa kwaya, wa wazazi wa shule, usimalizike kabla ya kujibu maneno manne: nakala ya tatu iko mji gani, nani wawili wanashika neno la siri, nani analipa mwaka huu, na lini ilijaribiwa mara ya mwisho.

Asiye na jibu aanze leo usiku na zile 2,000. Mama toka Kitchanga atakayegonga mlango kesho kutwa, akiuliza kama sura ya mumewe bado ipo, hana haja ya kusikia kwamba disiki ilianguka.