Chasu nacho kipewe kipaza sauti
Ukiisikiliza wimbo baada ya wimbo albamu ya Maasai Hip Hop, waliyoitoa X Plastaz wa Arusha mwaka 2004, jambo moja linajitokeza: sauti ya Yamat Ole Meipuko, anayeimba Kimaasai, si pambo. Ndiyo mhimili unaoipa mistari ya Kiswahili uzito wake. Basi Chasu, lugha ya Milima ya Upare, nacho kinastahili nafasi hiyo.

Wapo watakaosema Chasu kitawafungia soko vijana wa Same, huko Upare. Hofu hiyo inaeleweka, lakini albamu hiyo ilitolewa na kampuni ya Ujerumani, kwa wasikilizaji ambao wengi wao hawakujua Kimaasai. Kiswahili kibebe hoja, Chasu kibebe sauti ya mlima. Mwacha asili ni mtumwa.