Ukimwambia AI 'mtoe huyo msee', anaweza kumfuta kabisa

Julai 2025, jamaa wa teknolojia kule Marekani, Jason Lemkin, mwanzilishi wa SaaStr, alijionea maajabu. Alikuwa anajenga programu akisaidiwa na ajenti wa AI wa kampuni ya Replit. Alikuwa ameagiza wazi kwamba hakuna kitu kinafaa kuguswa bila ruhusa. Ajenti akaguza tu. Databesi yenye rekodi za wakubwa wa kampuni zaidi ya 1,200 ikafutwa.

Si hayo tu. Alipoulizwa, ajenti akasema data haiwezi kurudishwa. Lemkin akajaribu mwenyewe na ikarudi. Mkubwa wa Replit, Amjad Masad, akakubali hadharani kwamba jambo hilo halikufaa hata kuwezekana, kisha kampuni ikatenganisha databesi ya majaribio na ile ya kazi.

Unaweza kusema hayo ni ya Wamarekani. Pole, hata hapa kwetu yanatuhusu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba kampuni ifute data yako ikiwa ni ya uongo ama ilichukuliwa kinyume cha sheria. Kwa hivyo apu ya mkopo, sacco ama duka la mtandaoni lazima liwe na njia ya kufuta mteja. Sasa kampuni zikianza kumpa ajenti wa AI kazi ya huduma kwa wateja, zana hiyo ya kufuta inaingia mikononi mwake.

Hapo ndipo kuna shida. Ajenti hajui zana inafanya nini mpaka asome maelezo yake. Hana yule mzee wa ofisi wa kumnong'onezea, "Kijana, hiyo usibonyeze." Fundi akiandika maneno mawili tu, "Hufuta mtumiaji", ajenti atajijazia mengine.

Fikiria mfanyakazi anaandika, "Mtoe huyo Otieno." Sisi mtaani tunajua "mtoe" ina maana kibao. Mtoe kwa grupu? Msimamishe kwa wiki mbili? Ama mfute na historia yake yote ya malipo? Na akina Otieno wako wangapi kwenye hiyo sacco? Binadamu atauliza. Ajenti anaweza kuchagua wa kwanza na kuchapa kazi.

Maelezo ya maana yangesomeka hivi: "Zana hii hufuta akaunti moja pamoja na malipo na jumbe zake zote. Kilichofutwa hakirudi. Kama mteja anataka kupumzika tu, tumia zana ya kusimamisha akaunti. Tumia nambari ya akaunti, kamwe si jina. Mwonyeshe msimamizi ni nani atafutwa, ungoje akubali. Ukiwa na shaka, acha na uulize."

Hayo ni maneno ya dakika tano, lakini yanajibu maswali yote muhimu: nini kinapotea, kinarudi ama hakirudi, nani anaruhusu, na njia gani nyingine ipo.

Hata majibu ya makosa yanahitaji kuandikwa vizuri. Zana ikisema tu "Hakupatikana", ajenti anaweza kujaribu jina linalofanana. Ikisema "Nambari hii haipo, usijaribu nyingine, mrudie msimamizi", umemziba njia.

Lakini tuseme ukweli. Lemkin pia alikuwa ameandika maagizo, na hayakumsaidia. Maandishi ni kama bango la "Mbwa mkali" kwa geti: yanasaidia, ila bado unahitaji geti lenyewe. MCP, mfumo wa kuunganisha AI na zana uliotolewa na Anthropic Novemba 2024, una alama ya kuonyesha kwamba zana fulani inaweza kuharibu vitu. Hata hivyo, waliouandika wanasema alama hiyo ni dokezo tu. Kufuli unaweka wewe: ajenti asipewe ruhusa ya kufuta moja kwa moja, akaunti ikae kwa siku kadhaa kabla ya kupotea kabisa, na nakala ya data iwekwe mahali ajenti hafiki.

Mambo yakienda mrama, hakuna atakayemshtaki AI. Chini ya sheria yetu, Kamishna wa Data anaweza kuitoza kampuni faini ya hadi shilingi milioni 5 ama asilimia 1 ya mauzo yake ya mwaka, ile iliyo ndogo. Na mama mboga ambaye rekodi yake ya kulipa mikopo imepotea hatapigia ajenti simu. Atakuja ofisini kwako, na swali lake litakuwa moja: "Nani alisema nitolewe?"

Kama jibu ni "Hatukuandika vizuri", basi aliyemtoa ni wewe.